Tope la Mbayuwayu

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hapatani na kitu chochote kinachodondosha kutoka juu. Kwa hiyo mtu asinisimulie uzuri wa mbayuwayu. Mwaka walipokuja mara ya kwanza kwenye varanda yetu hapa Kalangalala, Geita, walininyea sare za kwaya, nyeupe zenye kola ya bluu, zikiwa zimeshapigwa pasi na kukunjwa tayari kwa Jumapili. Nilizifua upya zote, huku nikisema maneno ambayo wanakwaya wangeyasikia wasingezivaa.

Varanda hiyo ndiyo karakana yangu. Cherehani iko upande wa kushoto wa mlango, meza ya kukatia vitambaa upande wa kulia, na katikati kuna kiti cha plastiki cha mume wangu. Juu ya mlango, pale dari linapokutana na ukuta, ndipo ndege hao walipopapenda. Wangeweza kwenda kwa jirani ambaye ana varanda ndefu na hana kazi yoyote ya kuifanyia. Hawakwenda.

Mume wangu alikuwa mchimbaji. Si wa kampuni. Wa duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, ambamo mtu anashuka kwa kamba na tochi kichwani na kupanda akiwa mweupe kwa vumbi la mawe kama mtu wa mashine ya kusaga. Nyumba yetu imetoka huko. Msingi ulitoka duara moja, bati zikatoka jingine, na milango ikatoka kwenye mawe tuliyokuwa tukiyaleta nyumbani kwa viroba na kuyatwanga wenyewe uani, mimi na kinu cha chuma, yeye na karai la kusafishia dhahabu. Watoto wetu wawili, wote wa kike, walisoma kwa sauti ya kinu hicho. Sina la kuilalamikia dhahabu. Ilitulisha.

Kisha kifua kikaanza. Kwanza kikohozi cha asubuhi, halafu cha mchana, halafu filimbi fulani ndani ya pumzi yake, nyembamba, ambayo nilikuwa naisikia hata akiwa amelala chali na kutulia. Daktari aliiweka picha ya kifua kwenye mwanga akatuonyesha. Akasema vumbi la mawe likishaingia halitoki, lililopo ataishi nalo akijitunza. Halafu akaniangalia mimi, si yeye. "Akirudi kuliongeza, mama, utamzika."

Akaapa. Aliapa mbele yangu, mbele ya binti zetu, na mbele ya kaka yake mkubwa aliyetoka Ushirombo kwa ajili hiyo tu, kwamba hatagusa tena duara. Nyundo na tindo akazifunga kwenye kiroba akazisukuma chini ya kitanda. Nilimwomba aziuze. Akasema nyundo ni nyundo tu, haimli mtu. Nikaziacha hapo, kwa sababu mtu aliyetoka kuapa humpigii kelele siku hiyo hiyo.

Sasa mwanamume aliyezoea kushuka ardhini, ukimkalisha kwenye kiti cha plastiki, anapata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Mume wangu alianza kunifundisha kushona. Akaniambia pindo langu limepinda. Akaniambia mkasi ushikwe hivi. Siku moja akamwambia mteja wangu kwamba gauni lingependeza zaidi bila mikono, na mteja akamsikiliza. Nikajua hapa, Mungu asiponiletea kitu cha kumshughulisha mtu huyu, atazikwa kweli, na si kwa vumbi.

Mungu akaleta mbayuwayu.

Nilikuwa nimeshachukua ufagio mrefu niwaondoe, tope lao likiwa bado alama tu ukutani, yeye akasimama mbele yangu. Akasema wana kosa gani. Nikamwonyesha sare za kwaya. Akaona hilo halimsaidii, akampigia simu mama yangu, maana anajua nani namwogopa. Mama yuko Shinyanga, Kambarage, na simu huipokea kwa kupaza sauti kama vile ni lazima sauti yenyewe ifike Geita kwa miguu.

"Mwanangu, umeshika ufagio?" akauliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka chini. Bibi yako alitukataza kuvunja nyumba ya ndege huyo. Amejenga kwa udongo wake, hakukuomba hata tofali moja. Wewe nyumba yako ingevunjwa kwa ajili ya nguo ungesemaje?"

Nikaweka ufagio chini. Tukakubaliana kwamba kitapigiliwa kibao chini ya kiota kizuie uchafu. Lakini nyundo pekee nyumbani ilikuwa ile ya chini ya kitanda, na mimi sikutaka ifunguliwe hata kwa msumari mmoja. Kuazima kwa jirani nako tukawa tunasema kesho. Basi nikafunga kipande cha kiroba kwa kamba, kikawa kinaning'inia juu ya mlango kama nepi, na wateja wakawa wanainama kupita.

Mume wangu akawa mtu mpya. Alinieleza, bila kuulizwa, jinsi wanavyobeba tope mdomoni, donge dogo dogo, wakilipanga mstari kwa mstari na kusubiri likauke kabla ya kuongeza. Akanieleza kwamba wanajenga na shingo ya kuingilia, nyembamba, ili mwewe asipenyeze kichwa. "Hawa ni mafundi," akasema. "Wanajua kwamba ukuta mbichi haubebeshwi." Nilimwacha aseme. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akisifu kitu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambao vumbi hukaa juu ya majani na mtu akipita barabarani unamwona kwanza kwa vumbi lake. Upepo ulipiga mchana mmoja, kiroba changu kikachomoka na kukivuta kiota chenyewe. Kikaanguka kikapasuka mbele ya mlango. Nashukuru hakikuwa na mayai. Wale ndege wawili walizunguka varanda wakilia, na mimi niliyewatukana wiki nzima nikaona uchungu wao nikauonea haya.

Mahali pengine popote nchini, kiota kikianguka mtu huchukua ufagio. Geita mtu huchukua karai. Mume wangu aliinama akaokota kipande, akakigeuza juani, akakilamba kidogo kwa ncha ya ulimi, akakiangalia tena. Halafu akakusanya vipande vyote mpaka vumbi lake, akaenda uani. Nikafikiri anakwenda kuvitupa.

Kisha nikasikia maji yanazungushwa kwenye karai. Mke wa mchimbaji anaijua sauti hiyo, chwaa, chwaa, inapungua polepole mpaka inakuwa mnong'ono. Sikuwa nimeisikia tangu aape. Mguu wangu ulisimama juu ya pedeli ya cherehani. Niliogopa. Sikuogopa kiota wala tope, niliogopa huo mnong'ono.

Akarudi amenyoosha kidole gumba. Kwenye ukucha kulikuwa na uzi mwembamba wa njano, vichembe ambavyo asiyejua angeviita uchafu.

"Mama watoto," akasema. "Angalia."

"Nimeona. Kanawe mikono ule."

"Hawa ndege wanajua mahali."

Hilo ndilo kosa, na ninasema hivi kwa upendo, ambalo hulifanya watu wa huku peke yao. Ndege kaleta tope lenye dhahabu, kwa hiyo ndege ana duara. Ukimfuata ndege utafika kwenye mali, kama wachimbaji wanavyoiita dhahabu kabla hawajaiona. Mume wangu, ambaye watoto wake wanamwita mwenye busara, alivifunga vile vichembe kwenye kipande cha nailoni, akakitia mfuko wa shati, na kesho yake akatoka nyumbani kichwa kikiwa juu kumfuata mbayuwayu.

Majirani aliwaambia ni mazoezi ya kifua aliyopewa na daktari. Mama muuza maandazi akanipongeza. "Mzee wako anajitahidi, jirani, nimemwona kule kwenye mikaratusi anatembea anaangalia mbingu. Anasali huku anatembea?" Nikamwambia ndiyo, anasali sana siku hizi. Yeye alikuwa akirudi na magoti yenye udongo, maana mtu anayeangalia juu hawezi kuona matuta ya mihogo ya watu. Na alikuwa akirudi na ile filimbi. Nilikuwa naisikia tangu kwenye geti.

Siku ya tatu akarudi na mwenzake. Huyu walichimba naye miaka mingi, mtu mwembamba anayevaa kofia ya pama hata akila. Aliniamkia vizuri.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri. Na wewe umekuja kufuata ndege?"

Akacheka, akakaa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, nikamwondoa. Wakanieleza. Wamewafuatilia ndege mpaka kwenye kilima kilicho nyuma ya mikaratusi, hapo ndipo huwapotea machoni. Kilima hakina shimo hata moja. Mwenzake alikuwa ameshazungumza na mwenye eneo, kwa kisingizio cha kutafuta kokoto. Keshokutwa wangeanza kuchimba.

"Umeapa," nikamwambia mume wangu mbele ya mgeni.

"Sitashuka. Nitasimama juu tu, nielekeze."

Nikasema yote ambayo mke husema. Nikamtaja daktari, nikamtaja kaka yake, nikawataja watoto, nikainyanyua sauti mpaka muuza maandazi akapunguza redio yake ili asikie vizuri. Hakuna mchimbaji aliyezaliwa wa kusimama juu. Anasimama juu siku ya kwanza, siku ya pili anainama kuangalia, siku ya tatu vijana wanakosea kuufuata mwamba wenye dhahabu na yeye anasema nipisheni niwaonyeshe. Naijua njia hiyo, nimewafulia nguo watu walioipita. Jioni hiyo aliingia chumbani, nikasikia kiroba kikivutwa kutoka chini ya kitanda.

Kesho yake niliacha kugombana, si kwa kukata tamaa. Nilikuwa na magauni ya watu, na hasira ikikaa sana mkononi inapindisha pindo. Nikashona. Na kazi ya cherehani ina saa yake mwenyewe. Najua pindo la gauni linachukua muda gani, mkono wa shati muda gani, kola muda gani, bila kuangalia ukutani.

Wale ndege walikuwa wameanza kujenga upya mahali pale pale. Mmoja akaweka donge lake, akaruka, akapotea juu ya paa. Nikaanza pindo. Sijafika nusu ya duara la sketi, huyo, karudi na donge jipya, bichi, linang'aa maji. Nikatulia. Nikaanza kola. Kola haijageuzwa, karudi tena.

Watu husema akili za kuambiwa changanya na zako, na akili hizo wanaziita akili za mbayuwayu. Mimi niliambiwa kilima nyuma ya mikaratusi. Lakini kutoka hapa mpaka kule ndege aende, achote, arudi, ningekuwa nimeshamaliza gauni na mkanda wake. Tena kilima hicho kiangazi hiki ni kikavu kama mfupa. Nani kampa tope bichi huko?

Niliinuka, nikapita ndani, nikasimama kwenye dirisha la jikoni linaloangalia uani. Pale nyuma ya bafu, maji ya kufulia yanapomwagika, pana kidimbwi kidogo kisichokauka mwaka mzima. Mbayuwayu walikuwa hapo. Wanatua, wanachota, wanaruka juu ya paa, wanazunguka kule nyuma kula wadudu wakipenda, wanarudi mbele. Mume wangu alikuwa akiwaona wakitoka juu ya paa kwenda mbali. Hakuwahi kufikiri kutazama nyuma ya bafu lake mwenyewe.

Na kidimbwi kile nakijua mimi. Hapo ndipo nilipomwaga maji ya nguo zake za kazi miaka yote. Hapo ndipo aliposuuza mabuti yake na viroba vyake, na hapo ndipo maji ya karai letu la zamani yalipoishia tulipokuwa tukitwanga mawe ya milango. Nilikaa pale jikoni kwenye kinu chetu cha zamani kilichogeuzwa, nikacheka peke yangu hadi machozi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua kumwambia hakutasaidia. Mchimbaji ukimwambia kwamba mahali hapana kitu, anakushuku. Anaamini anachokiona kwa jicho.

Asubuhi ya kuondoka kwao mwenzake alikuja mapema na kofia yake. Mume wangu alikuwa ameshavaa mabuti, nyundo begani. Nilikuwa kwenye cherehani, nimeshatia uzi.

"Nipe muda wa shati moja," nikamwambia.

"Shati gani tena?"

"Hili. Nikimaliza kulishona, nenda popote unapotaka, sitasema neno mbele yako wala nyuma yako. Lakini mpaka nimalize, mkae jikoni dirishani, wewe na shemeji, muangalie uani."

Akaniangalia kwa mashaka. Anajua sijawahi kukosea muda wa shati. Akaingia ndani, mwenzake akamfuata. Mimi nikaenda uani na beseni la maji niliyofulia jana yake, nikalimwaga polepole nyuma ya bafu mpaka tope likalainika vizuri, nikarudi kwenye kazi yangu. Nikaunga mabega. Nikashona upande wa kwanza.

Sikusikia kitu. Nikashona upande wa pili. Nilikuwa naomba, sifichi. Naomba kwa midomo huku mguu unapiga pedeli: njooni, ndege wangu, niliowatukana, njooni mchote. Mmoja akapita juu ya kichwa changu, akaenda juu ya paa. Wa pili akamfuata.

Nilipokuwa kwenye kola nikasikia mlango wa uani unafunguliwa.

Nikaliacha shati. Niliwakuta wote wawili wamechuchumaa kwenye kidimbwi. Mume wangu alikuwa ametia kidole kwenye tope, analisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya siku zote. Kandokando ya kidimbwi palikuwa na kamba ya kiroba cha zamani, imeoza nusu. Akaivuta. Akaitambua.

"Kumbe duara ni la shemeji!" mwenzake akapiga kelele, kofia ikamdondoka kwa kicheko. "Tumezunguka Geita nzima, duara liko bafuni kwa mayu, kwa mama huyu!"

Mume wangu naye akacheka. Akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi, akainama, akashika goti langu mpaka kikapita. Akabaki amechuchumaa anahema, na ile filimbi ikasikika waziwazi, sote watatu tukaisikia. Akaangalia vidole vyake vyenye tope.

"Mama watoto," akasema polepole. "Hii yote imetoka kwenye nguo."

"Na mabuti. Na viroba."

"Nguo ulikuwa ukizifua kila wiki." Akaweka kiganja kwenye kifua. "Hiki nani alikuwa anakifua?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwenzake aliokota kofia akaishika mkononi, mara ya kwanza kumwona kichwa kitupu. Niliweka mkono kwenye shingo ya mume wangu, nikauacha hapo.

Baadaye akatoa kile kipande cha nailoni mfukoni, akakifungua, akakikung'uta kwenye tope. Mwenzake akaguna, "Aah, ndugu yangu, hata hiyo?" kwa sauti ya mtu anayeona chakula kinamwagwa. Mume wangu akachanganya kwa kidole mpaka vile vichembe vikapotea. Kisha akaniuliza kibao kiko wapi.

"Kibao gani?"

"Cha chini ya kiota. Si ulitaka kibao?"

Akakipigilia mwenyewe kwa nyundo ile ile, amesimama juu ya kiti cha plastiki, mwenzake ameshikilia kiti na kumsimamia kwa maneno mengi. Kibao kimepinda kidogo. Nilimwambia, nikasikia raha kumwambia. Mwenzake alipokuwa anaondoka nikamfungia mihogo ya kuchemsha, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akaenda zake na kilima chake. Hakukichimba. Bila mume wangu hana wa kumwonyesha mwamba.

Mvua za kwanza ziliwakuta ndege na makinda. Walitoka watatu, wenye midomo mipana kuliko vichwa. Sasa maji ya kufulia humwagwa na mume wangu, kila asubuhi, na kiangazi anaongeza ndoo moja ya maji safi ili tope lisikauke. Majirani wanasema ni mazoezi ya daktari. Mwenzake akipita huinua macho pale juu ya mlango, akavuta pumzi, akasema, "Mali ile pale, ndugu yangu, ile pale juu," na mume wangu humjibu atazame tu, asiguse.

Sare za kwaya nimezihamishia ndani. Kifua chake hakikupona, daktari alisema hakiponi. Kila asubuhi, kabla sijatia uzi kwenye sindano, nasikia ile filimbi yake ikitoka uani na ndoo, inapanda, inashuka, na mimi nangoja niisikie ndipo nianze kushona.